Mara Saba

Kila Sikukuu ya Idi, biriani ikishaliwa na watoto wakisharudi kutoka Mnazi Mmoja na vigari vyao vya plastiki, katika nyumba moja ya Ng'ambo mjini Unguja huzuka ubishi ule ule: kati ya mbwa watatu waliopata kuishi na ukoo ule huko bara, ni yupi aliyekuwa balaa zaidi? Mgeni asiyejua hutazama huku na huku. Nyumba yenyewe ni ya watu wa sala tano, birika la kutawadhia liko mlangoni, na mwenye nyumba, karani mstaafu wa posta, ni mtu ambaye hata paka akimkaribia wakati wa kula humwomba radhi kwanza ndipo amfukuze. Lakini khabari ni ya kweli. Kuanzia 1993 hadi 2003, katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, watu hawa walikuwa na mbwa. Wao wenyewe husema mbwa ndio waliokuwa na wao.

Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Ni kweli kwamba wasasi wa Makunduchi wana mbwa wao, na hakuna anayewashangaa. Lakini mbwa wa msasi ana shughuli yake, na hukaa na msasi wake. Kwa mtu wa mjini aliyelelewa katika madhehebu ya Imam Shafi, mbwa ni mate, na mate ni kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Uhamisho wa karani ulipofika, Bibi, yaani mama yake mzazi, alitaka kujua mkoa wanaokwenda unaitwaje. Akaambiwa, Mara. Akauliza, "Mara ngapi?"

Wakaondoka wote: karani, mkewe, watoto watatu, na Bibi, ambaye alikataa kubaki kwa hoja moja tu, kwamba mwanawe hajui kuchagua samaki. Meli hadi Dar es Salaam, treni ya reli ya kati hadi Mwanza, kisha basi kuelekea kaskazini hadi karibu na mpaka wa Kenya. Tarime iko juu, na asubuhi zake ni za baridi. Migomba na mibuni imejaa mabondeni, na samaki, Bibi aligundua kwa uchungu, ni wa ziwani. Wenyeji, Wakurya, ni watu wa mkono mkunjufu na sauti kubwa. Kwa wiki mbili za mwanzo Bibi aliamini kwamba majirani wanagombana, kumbe walikuwa wakisalimiana.

Kila boma lilikuwa na ng'ombe. Penye ng'ombe pana wezi wa ng'ombe, na penye wezi wa ng'ombe pana mbwa. Huko kufuga mbwa hakukuwa suala la mapenzi wala la chuki. Mbwa alikuwa kitasa chenye miguu. Ndiyo maana mwenye nyumba waliyopanga hakuona ajabu yoyote alipowakabidhi funguo mbili, jembe moja na mbwa.

Alikuwa mbwa jike, rangi ya mchanga mkavu, sikio moja limechanika. Mpangaji aliyetangulia, mwalimu, alihamishwa ghafla akamwacha. Jina lake lilikuwa Hayakuhusu.

Jina hilo lilikuwa na kisa. Sehemu nyingi za bara, kama pwani tunavyosemeshana kwa kanga, watu husemeshana kwa majina ya mbwa. Mwalimu yule alikuwa na ugomvi na mama mmoja jirani kuhusu mpaka wa shamba la mahindi. Akamwita mbwa wake Hayakuhusu, na kila jioni akasimama uani akamwita kwa sauti ya kutosha. Yule mama naye hakukosa jibu. Akatafuta mbwa, akamwita Yananihusu. Kwa muda wa mwaka mzima, jua likizama, mitaa ile ilisikiliza malumbano ambayo magazeti yetu ya mashairi yangeyaonea wivu: huyu anatoa, yule anajibu, na vina vinashika barabara. Sasa mwalimu amekwenda zake, na mgogoro umebaki mikononi mwa karani mpole wa Kizanzibari ambaye hakuwa na shamba wala mpaka. Alipojaribu kumwita mbwa kwa sauti ya chini ili asimuudhi mtu, mbwa hakuja. Alikuwa amezoea kuitwa kwa hasira.

Wakajaribu kumbadili jina. Mke wa karani alipendekeza Asali, kwa rangi yake. Mbwa alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba. Baada ya mwezi walisalimu amri, na karani akaenda kwa jirani na kilo ya sukari kueleza kwamba yeye akiita Hayakuhusu, anamaanisha mbwa tu. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mura," akamwambia, "sasa mimi nitamwita nani jioni?" Wakawa marafiki tangu siku ile.

Ugumu wa Hayakuhusu haukuwa ukali. Ukali ungeeleweka. Tatizo lake ni kwamba alichagua mtu wa kumpenda, na kati ya watu sita alimchagua Bibi. Bibi akitoka kuanika mchele, mbwa yuko nyuma. Bibi akienda msalani, mbwa anasubiri nje na kuwazuia wengine. Bibi akitandika mswala barazani, mbwa analala pembeni, kidevu juu ya makucha, macho kwake. Bibi alimtupia kandambili, akamrudishia kandambili. Na hapo ikabidi kandambili nayo ioshwe mara saba. Kwa mwezi mmoja ndoo za maji zilizotumika kwa sababu ya Hayakuhusu zilizidi zile za kufulia, na maji Tarime yalichotwa mbali.

Mwishowe Bibi, ambaye hakusoma skuli lakini aliihifadhi Suratul Kahf na kuisoma kila Ijumaa, alikata shauri mwenyewe. Alisema kwamba wale vijana wa pangoni walikuwa na mbwa, kwamba Mwenyezi Mungu amemtaja katika Kitabu, na kwamba ametajwa akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Kizingitini, alisisitiza, si ndani. Akachukua majivu ya jikoni akachora mstari mbele ya baraza. Huku kwetu, kule kwako. Watu wa nyumbani walicheka. Lakini Hayakuhusu alikuja, akaunusa mstari, akalala upande wake akanyoosha miguu ya mbele hadi kucha zikagusa majivu. Hakuvuka. Bibi alichora mstari upya kila asubuhi kwa miaka mitatu, na siku akiugua watoto ndio waliouchora, vibaya, na mbwa akalalamika.

Wa pili aliletwa na wema. Kulikuwa na mzee mmoja asiyejua kusoma, ambaye mwanawe alikuwa akifanya kazi mbali na kumwandikia. Karani alimsomea barua na kumwandikia majibu, bila malipo, baada ya saa za kazi. Siku moja mzee alifika na shukrani yake imefungwa ndani ya koti: kitoto cha mbwa, cheusi, chenye doa jeupe la mraba kwenye paji la uso. Kumkataa kungekuwa tusi. Watoto walimwita Stempu kwa ajili ya lile doa, na karani, ambaye kutwa nzima alilamba stempu, alikataa kulitamka jina hilo kwa miezi kadhaa.

Stempu alikuwa mwoga. Aliogopa kuku, aliogopa mwavuli, aliogopa kivuli chake kikirefuka. Zaidi ya vyote aliogopa radi, na nyanda zile za juu kando ya Ziwa Viktoria hazina uhaba wa radi. Ikinguruma alikuwa na dawa moja tu, kutafuna. Alitafuna mpini wa lile jembe. Alitafuna mguu wa kitanda cha kamba hadi mtoto wa kwanza akalala kwa mteremko. Na alasiri moja mwaka 1996, mvua ikiwa inapiga bati na barua ya uhamisho wa kwenda Mugumu, wilaya ya Serengeti, ikiwa juu ya kiti, Stempu aliitafuna barua ya serikali. Kilichobaki ni kichwa cha barua na sentensi moja nzima, ile ya kumtakia kazi njema. Tarehe ya kuripoti ilikuwa tumboni mwa mbwa. Karani alifunga mabaki ndani ya bahasha mpya, akayapeleka kwa mkubwa wake, na akaeleza. Inasemekana yule mkubwa alisikiliza hadi mwisho, akafikiri, kisha akauliza kama mbwa huyo anaweza kuletewa barua nyingine.

Walihama kwa lori la mahindi. Ilikubaliwa kwamba mbwa wabaki kwa yule mama jirani, na Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali. Lori lilipowashwa, Bibi akauliza kama mstari umechorwa. Hakuna aliyejibu. Akaomba ateremshwe. Dereva alitaka nauli ya mbwa wawili sawa na ya mtu mmoja, na Bibi aliilipa kutoka kwenye fundo la kanga yake, pesa zilizokuwa za kununulia pweza mkavu siku atakayempata. Wakavuka Mto Mara mbwa wakiwa juu ya magunia, Hayakuhusu amesimama kama nahodha, Stempu amejificha chini ya turubai.

Mugumu ni tambarare, joto, na karibu na wanyama. Usiku fisi walipita nyuma ya nyumba wakicheka. Huko ndiko alikojileta wa tatu: mbwa mrefu, mbavu nje, mkia umekatwa nusu, ambaye dhahiri alikuwa wa mtu aliyewinda bila kibali. Mwenyewe alikuwa hayupo. Wengine walisema amekimbia, wengine amefungwa. Mbwa alifika, akala, akakaa. Aliondoka alfajiri na kurudi magharibi, na kwa kuwa alikwenda hifadhini kila siku bila kulipa kiingilio, wakamwita Mtalii.

Mtalii ndiye anayepigiwa kura nyingi katika ubishi wa Idi, kwa sababu ya jioni moja ya Ramadhani, Januari 1997. Uji umepoa kiasi, tende ziko mezani, adhana ya redio inakaribia. Mtalii akaingia uani kichwa juu, amebeba mguu mzima wa ngiri. Akauweka juu ya mstari wa majivu.

Ilikuwa najisi juu ya najisi, na juu yake kulikuwa na sheria, kwani mtu akikutwa na nyama ya porini bila kibali hawezi kujitetea kwamba imeletwa na mbwa, na nyumba ya tatu kutoka pale alikaa afisa wa wanyamapori. Karani alifuturu kwa tende moja akiwa amesimama, akachukua jembe, akauzika mguu nyuma ya choo. Asubuhi ulikuwa mlangoni. Akauzika tena, kwa kina zaidi, akaweka na jiwe. Asubuhi ulikuwa mlangoni, na jiwe pembeni yake. Mara ya tatu mke wa karani aliufunga ndani ya gunia na kumpa kijana mmoja apeleke mbali. Kijana alitabasamu kwa namna ambayo ilionyesha kwamba mboga ya kwao jioni ile imepatikana. Bibi aliuosha ua mzima. Alianza kuhesabu kwenye mwiko wa choo akamalizia kwenye mlango wa mbele.

Katika miaka hiyo hiyo wilaya ya Serengeti ilikuwa na jambo kubwa zaidi na mbwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia kwa simba wa Serengeti, na takriban theluthi moja yao, kiasi cha simba 1,000, walikufa. Mbwa mwitu walikuwa wametoweka katika hifadhi ile mwanzoni mwa miaka ya 1990; walirudishwa 2012. Na vijijini, kila mwaka, kichaa cha mbwa kiliua watu, wengi wao watoto, kwani ndio wanaokwenda kuchunga na kuchota maji. Kuanzia 1996 hadi 2001 mtafiti Sarah Cleaveland na wenzake waliendesha kampeni ya kuchanja mbwa wa vijiji vya wilaya hiyo. Matokeo waliyoyachapisha 2003 yanashangaza mpaka leo: visa vya kichaa miongoni mwa mbwa vilipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ya pili. Dawa yenyewe si ya ajabu. Kazi ni kumfikisha mbwa kwenye sindano.

Siku ya chanjo ilitangazwa skulini, hivyo watoto ndio walioleta mbwa. Uwanja ulijaa. Kulikuwa na mbwa wa kamba ya katani, mbwa wa mnyororo wa baiskeli, mbwa ndani ya gunia kichwa kikiwa nje, na mbwa mmoja mnene aliyeletwa kwa toroli na kaka wawili waliokuwa wakipokezana. Karani alitoa udhuru wa kazi. Mkewe akaenda, mtandio umefungwa barabara, ameshika kamba ndefu ya kuchotea maji ya kisima ili pawe na nafasi ya kutosha kati yake na Hayakuhusu. Mtalii alikuwa hifadhini kama kawaida. Stempu alikuwa ameshikwa na mtoto wa pili. Lakini wingu lilikuwa limetanda upande wa ziwa, likanguruma mara moja, na Stempu akajichomoa kwenye kamba. Walimtafuta mpaka jioni. Alikutwa chini ya kitanda akitafuna kiatu.

Mezani palikuwa na afisa mwenye daftari.

"Jina la mwenye mbwa?"

Akataja.

"Jina la mbwa?"

"Hayakuhusu."

Afisa akainua macho. Alikuwa amekaa juani tangu asubuhi. "Mama, nauliza kwa heshima. Jina la mbwa?"

"Hayakuhusu, baba."

"Mimi ni mtumishi wa serikali."

"Najua, baba. Hayakuhusu."

Foleni nzima ilikuwa imeinama kwa kicheko kabla mtoto mmoja hajaeleza. Afisa akaandika, herufi kubwa, akapiga mhuri. Kadi hiyo Bibi aliichukua na kuiweka ndani ya msahafu wake, kisha akaitoa kwa kuona si mahali pake, akaifunga kwenye kanga.

Ilipofika 1998 watu walikuwa wameanza kusahau kichaa. Hivyo ndivyo dawa njema inavyofanya. Asubuhi moja kitinda mimba wa karani, msichana wa miaka saba, alikuwa akirudi dukani na sabuni mkononi. Mbwa asiyejulikana alitokea kwenye mahindi, hakubweka, akamng'ata muundi. Hayakuhusu, ambaye kwa wakati huo alikuwa mzee na mwenye kuchechemea, alivuka mstari. Alivuka na barabara pia. Stempu naye akatoka, Stempu aliyeogopa kuku, na wote wawili wakamvaa yule mgeni mpaka majirani wakafika na marungu.

Mama mtu alimbeba mtoto hadi kwenye pipa. Hapo ndipo elimu mbili zilipokutana. Bibi alifika na udongo safi kwenye bakuli, kama alivyofundishwa na mamake. Mkwewe alikuwa na ule mche wa sabuni ambao mtoto hakuuachia, na maneno ya siku ya chanjo kichwani: maji yanayotiririka, sabuni, robo saa nzima, usikome. Bibi alitazama jeraha, akatazama udongo wake. Akaumwaga. Akashika kata, akaanza kumimina na kuhesabu, moja, mbili, tatu. Alipofika saba mkwewe hakusimama, naye hakusimama. Watoto wakubwa wanakumbuka kwamba walimsikia akipita ishirini, akipita hamsini, sauti haitetemeki, mpaka pipa likaisha na wakaanza la jirani.

Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, hakina tiba; kabla ya hapo, chanjo humwokoa. Ila chanjo iwepo. Walikokwenda kwanza haikuwepo. Karani aliuza redio asubuhi na baiskeli mchana, na usiku ule mkewe na mtoto wakawa ndani ya basi la Mwanza. Sindano tano: ya siku ya kwanza, ya siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Mwezi mzima walilala kwa mtu wa Pemba ambaye hawakuwa wakijuana naye mpaka usiku walipobisha hodi.

Nyumbani walibaki mbwa wawili walioumwa. Majirani walifika wakiwa na adabu na marungu. Bibi alifungua fundo la kanga, akatoa kadi. Afisa wa mifugo aliisoma, safari hii bila kuuliza jina, akasema Hayakuhusu atachomwa sindano nyingine, afungwe, aangaliwe kwa wiki kadhaa. Kisha akauliza kadi ya yule mweusi.

Stempu hakuwa na kadi.

Karani hakuwataka watoto waone. Alifunga kamba mwenyewe, akamtoa nje ya mji pamoja na afisa aliyekuwa na bunduki. Wingu lilikuwa limetanda, na Stempu aliiona radi kabla ya kuisikia, akaanza kutetemeka kama ilivyokuwa desturi yake, akitafuta kitu cha kutafuna. Kwa miaka mitatu karani alikuwa hajamgusa mbwa yule hata kwa ncha ya kidole. Aliinama, akaweka mkono juu ya lile doa jeupe, akauacha pale. Akampa na mkono wa kanzu autafune. Afisa alingoja.

Aliporudi hakuingia. Alisimama upande wa nje wa mstari. Bibi alitoka na ndoo na bakuli la udongo bila kuuliza, akammiminia mwanawe mikono kama alivyommiminia alipokuwa mtoto. Alihesabu polepole sana. Kanzu ile ilioshwa pia, lakini mkono uliotafunwa haukushonwa, na alikwenda nayo msikitini hivyo hivyo.

Hayakuhusu alikaa kwenye kamba wiki zote alizopangiwa. Bibi aliweka kibao upande wake wa majivu, akachambua mchele pale, akamweleza khabari za Unguja, bei za vitu, na makosa ya mkwewe. Mtoto alirudi Mwanza mzima, na kovu ambalo sasa huwaonyesha wanafunzi wake wakimkera. Mbwa alikufa kwa uzee 2001. Mtalii yeye alikuwa ameshakwenda hifadhini siku moja bila kurudi. Chui, walisema, na si ajabu. Familia ilirudi Ng'ambo 2003. Bibi aliishi miaka minne zaidi, na hakuna aliyemsikia akimtaja mbwa, isipokuwa kila Ijumaa asubuhi, alipofika kwenye aya ile ya kizingitini, alisimama kidogo kabla ya kuendelea.

Idi moja, si nyingi zilizopita, mjukuu aliyekuja kutoka Dar es Salaam alileta khabari mpya. Tangu 2018, alisema, upande wa magharibi wa Serengeti, kwenye mapori ya Ikorongo na Grumeti, kuna mbwa wanaofanya kazi na askari wa wanyamapori: wananusa pembe za ndovu, mitego ya waya na nyama ya porini. Ni mbwa waliotoka Marekani. Huko walikuwa katika nyumba za mbwa waliotelekezwa, wasumbufu, wenye nguvu kupita kiasi, wasiotulia, hakuna aliyewataka. Shirika moja la Montana likawachukua na kuwafundisha.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mtoto wa kwanza akasema Mtalii amezaliwa miaka ishirini mapema. Wa pili akasema Mtalii angekula ushahidi. Ubishi ukaanza upya kuhusu nani angefaa kazi gani, na Stempu akapewa, kwa kauli moja, idara ya barua.

Karani mstaafu alikuwa amekaa karibu na mlango, miguu ameinyoosha, kikombe cha kahawa kimepoa mkononi. Alisubiri kicheko kipungue.

"Hao wa Marekani," akamwuliza mjukuu, "wana kadi?"